Ukiwa Kolkata, panda treni uende Bishnupur

Mkuu, umesema unakwenda Kolkata, India, kwa kozi ya mwezi mmoja, wikendi huna kazi, na unataka kuona mahekalu na kazi za mikono za Wabengali. Nimesoma kule, nakujibu kwa niliyoyaona. Wanaokusukuma uende Agra waache. Taj Mahal ni nzuri, ila Ubengali hutaukuta pale.

Chukua treni ya asubuhi hadi Bishnupur, wilaya ya Bankura. Zamani ulikuwa mji wa wafalme wa Malla. Sehemu kubwa ya Bengal ni udongo ulioletwa na mito, mawe ya kujengea ni shida, ndiyo maana mahekalu mengi yalijengwa kwa matofali na kupambwa vigae vya udongo wa kuchoma vyenye picha. Paa zake zimepinda pembeni mithili ya vibanda vya kijijini kwao. Hekalu la Jor Bangla, la mwaka 1655, ni kama vibanda viwili vilivyounganishwa, juu pamewekwa kijinara.

Anzia hekalu la Rasmancha, la mwaka 1600. Humo hakukaa sanamu ya kudumu: wakati wa Ras, sikukuu ya mungu Krishna, sanamu za mahekalu ya mjini zilikusanywa pale watu wazione zote pamoja, na desturi hiyo iliendelea hadi 1932. Tiketi ya hapo usiitupe, wataiulizia kwenye mahekalu ya Shyam Rai na Jor Bangla.

Kuna watembezaji wa kukukimbiza mahekalu yote kwa asubuhi moja. Usikubali. Mimi bora nione mawili kwa utulivu. Pale Jor Bangla chuchumaa ukutani: utaona mashua zimejaa askari, wawindaji na wanyama wao, na mzee Bhishma, shujaa wa Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindu, amelala juu ya kitanda cha mishale. Shyam Rai, la 1643, mtafute Krishna akicheza na wasichana waliomzunguka duara ndani ya duara. Nenda jua likianza kushuka. Mwanga wa ubavuni huzitoa picha ukutani, wakati saa sita mchana ukuta wote unaonekana mwekundu tu.

Mjini humo humo kuna wafumaji wa sari za hariri za Baluchari. Panda toto, yaani bajaji ya umeme, umwambie dereva akupeleke wanakofuma, siyo dukani. Juu ya mtambo wa kufumia huning'inia mlolongo wa kadi zenye matundu, na matundu hayo ndiyo yanayoamua uzi upi unyanyuke. Pindo la sari linabeba hadithi nzima, wafalme na magari ya farasi. Bei inauma, na hakuna ajabu ukishaona kazi yenyewe.

Halafu Panchmura, kijiji cha wafinyanzi wa farasi wa udongo wa Bankura. Nilidhani farasi yule huchongwa. Kumbe miguu, shingo na kiwiliwili hufinyangwa kimoja kimoja kwenye gurudumu, vikiwa na uwazi ndani, kisha huungwa kwa mkono. Mwekundu na mweusi ni udongo ule ule: wakitaka mweusi huziba matundu ya tanuri ili moshi ubaki ndani. Wanakijiji huwaweka chini ya miti kama nadhiri kwa miungu yao, mapambo ya sebuleni yalikuja baadaye.

Ukibakiwa na wikendi nyingine, nenda kijiji cha Naya, eneo la Pingla. Wachoraji wa pale wengi ni Waislamu, na huchora hadithi za Kihindu kwenye karatasi ndefu za kukunjua. Mchoraji anakunjua huku akiimba, kidole kikifuata picha. Hata tsunami ya 2004 wameiimba. Ukisikiliza, nunua hata kadogo.

Kumartuli, mtaa wa mafundi wa sanamu za miungu, iko Kolkata penyewe, shuka metro Sovabazar. Kabla ya Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, Septemba au Oktoba, vichochoro hujaa miungu ya majani makavu na matope isiyo na vichwa bado.

Bishnupur nenda kati ya Novemba na Februari, Mei ni tanuri. Na farasi wako, kama ni mkubwa, masikio na mkia huchomekwa tu: mwambie fundi avifunge kando, na uvibebe mkononi kwenye ndege.