Wachimba mapango wanajuaje pa kuchimba?

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: umeona picha za watu wazima wamelala kifudifudi kwenye tope, wanavuta ndoo za udongo kutoka kwenye tundu ambalo bega halipiti, tena bila malipo. Unauliza wanajuaje kama mbele kuna pango, na kwa nini pembeni kuna wawili wameshika dira na daftari badala ya kusaidia kubeba. Kazi hiyo naifanya kwa miaka sasa, kwa kujitolea kama hao uliowaona. Nianze kwa kukuambia kuwa hao wawili wa pembeni mara nyingi ndio walioamua wengine wachimbe wapi.

Pango lenyewe lilishachimbwa na maji zamani sana, sisi tunazibua tu. Mvua ikipita kwenye udongo inabeba hewa ya ukaa, inageuka tindikali dhaifu, na kwa maelfu ya miaka inayeyusha jiwe la chokaa kwenye nyufa mpaka zinakuwa njia za kupita mtu. Baadaye mto unahama, dari inaporomoka, mafuriko yanaleta mchanga na kujaza njia hadi juu. Ndiyo maana unaweza kuwa unatembea wima kwenye korido pana, ghafla mbele yako ni ukuta wa mawe na tope. Njia haijaisha hapo, imezibwa. Shida ni kwamba pango moja lina vizibo vingi vya namna hiyo, na wachimbaji ni watu wachache wenye kazi zao siku za juma. Ukichagua kizibo kibaya, mwaka unakwisha.

Dalili ya kwanza ni upepo. Hewa ya ndani ya pango hukaa karibu na joto la wastani la mwaka la eneo lile. Nje kukiwa na baridi, hewa ya ndani inakuwa nyepesi, inapanda na kutokea kwenye milango ya juu, huku milango ya chini ikivuta. Nje kukiwa na joto, mambo yanageuka. Kwa hiyo tundu linalovuta wakati wa baridi na kupuliza wakati wa joto linakuambia kwamba kuna mlango mwingine juu yako, na kati yenu kuna njia. Mapango makubwa yenye milango michache yana upepo wa aina nyingine: mgandamizo wa hewa ukishuka nje, pango linatoa pumzi, ukipanda, linavuta. Jewel Cave kule South Dakota, Marekani, ndiyo mfano wake. Hesabu za hewa inayoingia na kutoka zilionyesha kuwa sehemu iliyojulikana ni kipande kidogo tu cha uwazi uliopo, na hadi leo, ikiwa imepimwa zaidi ya kilomita 350, watu bado wanaongeza.

Kifaa chetu cha upepo ni kijiti cha udi. Kuna ukuta mmoja wa mawe ambao wenzangu walishaukatia tamaa. Kila niliposogeza udi, moshi ulipanda wima kama kawaida, mpaka nilipoushusha karibu na sakafu, kwenye pengo la vidole viwili chini ya bamba la jiwe. Hapo ukajikunja, ukawa uzi mwembamba, ukanyonywa wote ndani. Tulihamia pale siku hiyohiyo.

Lakini upepo nao ni mwongo. Unaweza kutoka kwenye ufa unaokwenda juu ya ardhi mita chache tu, ukachimba kwa miezi na kutokea vichakani. Na kukosekana kwa upepo si ushahidi kwamba hakuna kitu, kwa sababu tope lililojaa maji linaziba hewa kabisa. Hapo ndipo ramani inapoingia.

Kabla sijafika kwenye ramani, mfano wa upepo uliosema kweli ni pango la Lechuguilla, New Mexico, Marekani. Kwa miaka mingi lilijulikana kama shimo dogo tu, ila wapenda mapango waliofika pale miaka ya 1950 walisikia upepo ukivuma kutoka chini ya kifusi sakafuni. Watu wa kujitolea kutoka Colorado waliomba ruhusa kwa mamlaka ya hifadhi za taifa, wakaanza kuchimba mwaka 1984, na Mei 1986 wakapenya. Leo njia zilizopimwa zimepita kilomita 240. Zingatia kwamba ruhusa ilitangulia sururu. Ardhi ina mwenyewe, na kikundi kinachochimba kwa siri kinaharibia wenzake wote wanaokuja nyuma.

Sasa upimaji, ambao wageni wengi huuona kama kazi ya karani. Unaweka kituo: nukta ndogo ya rangi ya kucha kwenye mwamba, mahali pasipoguswa na mabega ya wapitaji. Mwenzako anakwenda mbele hadi mwisho wa kuonana, anaweka kituo cha pili. Mnapima umbali, uelekeo wa dira na pembe ya kupanda au kushuka. Kisha kila kituo kinaandikiwa nafasi ya kushoto, kulia, juu na chini, na mchoraji anachora umbo la njia kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa. Mchoraji ndiye mtu muhimu kuliko wote pale, na ndiye anayepata baridi kuliko wote, kwa sababu anakaa tuli. Mkimharakisha, mtarudi kupima upya.

Kiwango kinachofuatwa na wengi ni daraja la 5 la BCRA, chama cha utafiti wa mapango cha Uingereza: pembe zisikosee zaidi ya digrii 1, na umbali na nafasi ya kituo zisikosee zaidi ya sentimita 10. Digrii moja inaonekana si kitu. Kwenye mita 10 inakupeleka kando sentimita 17 hivi. Lakini kama dira yenyewe ina kasoro ileile kila mara, kwenye kilomita moja umeshakwenda kando mita 17, na hapo ukuta uliodhani unatenganisha njia mbili haupo ulipouchora. Visababishi vyenyewe ni vya kijinga kweli: betri ya taa ya kichwani iliyo karibu na dira, miwani ya fremu ya chuma, mtaimbo ulioegemezwa jirani. Nimeona dira ikicheza kwa sababu ya karabina, yaani pete ya chuma ya kuungia kamba, iliyoning'inia kifuani mwa mpimaji. Kaskazini ya sumaku nayo inahama mwaka hadi mwaka, kwa hiyo vipimo vya zamani haviungwi na vya leo bila kusahihishwa.

Siku hizi wengi tunatumia DistoX, kipima umbali cha leza ambacho Mswisi Beat Heeb alikiwekea saketi ya dira na ya pembe ndani yake. Unalenga, unabonyeza, vipimo vinaruka hadi kwenye simu bila waya. Ni kizuri, ila lazima kisawazishwe kwanza kwa vipimo 56 vya kuelekea pande zote, na ukibadilisha betri usawazishaji unaweza kuharibika. Asiyejua kutumia dira ya kawaida simkabidhi DistoX, kwa sababu hatajua pale inapomdanganya.

Mkaguzi wa kweli wa kazi yako ni kitanzi. Njia mbili zikikutana tena, vipimo vyako vikizunguka vinatakiwa virudi vilipoanzia. Visiporudi, programu kama Survex au Therion, zote za bure, zinakuonyesha pengo ni kubwa kiasi gani. Kitanzi cha mita 500 kikikosea mita 5, unavumilia. Kikikosea mita 30, kuna mtu ameandika nambari kinyume, na lazima mtafute ni kituo kipi.

Ukishakuwa na ramani unayoiamini, kuchimba kunabadilika kabisa. Unaona njia mbili zinazoelekeana, kila moja imeishia kwenye tope, na kati yake kuna mita 12. Unaona korido inayokwenda moja kwa moja mpaka kwenye kizibo, na upande wa pili wa kilima kuna nyingine yenye upana uleule na kimo kilekile cha sakafu. Hapo hakuna haja ya kubahatisha. Tukitaka uhakika zaidi, mmoja anaingia na koili ya waya inayotoa mawimbi ya sumaku ya masafa ya chini, mwingine anatembea juu ya ardhi na kipokezi. Pale mawimbi yanaposimama wima ndipo alipo mwenzake, chini kabisa ya miguu yake.

Kisa cha pango la Mammoth Cave, Kentucky, Marekani, kinaonyesha nguvu ya daftari kuliko hadithi yoyote ninayoijua. Kulikuwa na mifumo miwili mikubwa, Flint Ridge na Mammoth, imetenganishwa na bonde. Kikundi cha kujitolea cha Cave Research Foundation kilikuwa kinapima Flint Ridge kwa miaka, na Will Crowther na mkewe Patricia walikuwa wanaweka vipimo hivyo kwenye kompyuta, jambo ambalo wakati ule si la kawaida. Mwaka 1972, Patricia, aliyekuwa mwembamba kuliko wenzake, alipenya sehemu nyembamba ambayo wengine walikuwa wameiacha. Mbele yake wakakuta jina "Pete H" limekwanguliwa ukutani, lenye mshale. Pete Hanson alikuwa mtu aliyezunguka mapango ya upande wa Mammoth miaka ya 1930. Tarehe 9 Septemba kundi la watu sita lilirudi, likapita kwenye maji hadi kifuani, na kiongozi wao John Wilcox akaona mbele yake uzio wa kushikia wa njia ya watalii. Walikuwa wameshaingia Mammoth. Mfumo uliounganishwa ukafika kilomita 232 hivi; leo umepita 680.

Kuchimba kwenyewe nakipa nafasi ndogo kwa sababu akili yake si nyingi; jambo kubwa ni kifusi kitakwenda wapi. Mita moja tu ya njia yenye upana na kimo cha sentimita 80 ni zaidi ya nusu meta ya ujazo, na kwa tope bichi hiyo ni tani moja na ushee. Ukipakia kilo 15 kwa ndoo, ni ndoo zaidi ya 70, na udongo ukishachimbuka unajaa kuliko ulipokuwa. Sisi hutumia dumu la plastiki lililokatwa ubavu, lenye kamba pande zote mbili. Aliye mbele analijaza na kupiga kelele "vuta!", aliye nyuma analivuta, analimwaga, halafu wa mbele analirudisha kwa kamba yake. Kifusi hakimwagwi kwenye kijito wala juu ya mapambo ya chokaa. Kinapangwa kando kwa ukuta wa mawe. Jiwe kubwa tunalitoboa mashimo na kupigilia kabari hadi lipasuke.

Mawe yaliyoporomoka ni habari nyingine, na hapo sina mzaha. Yameshikana yenyewe, na huwezi kujua lipi limebeba lipi. Tunaweka mabomba ya chuma na klampu kama yale ya mafundi wa jukwaa la ujenzi kadiri tunavyosonga, na hakuna anayechomoa jiwe la juu akiwa chini yake.

Hatari ya pili ni hewa. Mwisho wa shimo watu watatu wanahema kwa nguvu, hewa ya ukaa inajikusanya. Watu hupenda kupima kwa kiberiti cha gesi, lakini moto unazimika kwa upungufu wa oksijeni. Kama hewa ya ukaa inatoka kwenye mwamba wenyewe, moto unaweza kuendelea kuwaka huku wewe kichwa kimeshaanza kugonga. Beba kipimo cha elektroniki. Na lazima kuwe na mtu nje anayejua saa mliyosema mtatoka, na namba ya kupiga saa hiyo ikipita.

Kuna wakati pia kuchimba kunasimama ghafla hata kama upepo unaita. Mwaka 2013 wapenda mapango wawili, Rick Hunter na Steven Tucker, walishuka kwenye ufa mwembamba wa pango la Rising Star, Afrika Kusini, wakakuta mifupa sakafuni. Walipiga picha, wakaipeleka kwa wanasayansi. Kutoka chumba kile vilitolewa vipande zaidi ya 1,500 vya mifupa ya Homo naledi, aina ya kale ya jamii ya binadamu. Sasa fikiria mtu na beleshi pale. Ukiona mfupa, chombo cha udongo au popo wamelala, weka chini kila kitu.

Na siku mnapopenya, upepo ukawapiga usoni na taa zikakosa ukuta wa kugonga, kila mtu anataka kukimbia mbele. Kwetu sheria ni moja: unapima unapoingia. Hatua ya kwanza mbele ya kituo cha mwisho inachukuliwa na mwenye kipimo, na wengine wanafuata njia moja iliyowekewa alama ili wasikanyage sakafu ambayo haijawahi kuguswa. Kuna vikundi vinavyokimbia kwanza na kuahidi kupima baadaye. Nyingi ya njia hizo hazipo kwenye ramani yoyote mpaka leo, na waliozikimbia wameshasahau mlango ulikuwa upande gani.

Kama unataka kujaribu, usianze na sururu. Waombe hao wawili wakufundishe kuandika daftari. Kila kikundi ninachokijua kina mikono ya kubeba ndoo, wanaokosekana ni waandishi wenye mwandiko unaosomeka wakiwa wamelowa.