Mgahawa wa Kitaiwan London: uagize nini kama huli nguruwe

Ndugu yangu, umesema mwenyeji wako anakupeleka mgahawa wa Kitaiwan hapo London na wewe nguruwe huli. Agiza supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, niurou mian. Ukitaka kuijua Taiwan kwa bakuli moja, ni hiyo. Nyama ya mguu huchemshwa taratibu na soya sosi, tangawizi na anisi ya nyota, mara nyingi na maharage ya kuchachushwa yenye pilipili, mpaka mishipa inalainika kabisa na mchuzi unakuwa mwekundu mzito. Juu huwekwa majani ya haradali yaliyochachushwa. Usiyasukume pembeni, ule uchachu ndio unaokata mafuta ya nyama.

Ila muulize mhudumu kabla, tena bila haya: supu imepikwa kwa mifupa ya nini, na jikoni wanatumia mafuta ya nguruwe? Hata mboga zinaweza kukaangwa nayo. Lu rou fan, wali wa nyama ya kukatwakatwa, ni nguruwe. Gua bao ya kawaida, yaani mkate laini wa mvuke uliojazwa nyama, pia ni nguruwe. Kuku wa "vikombe vitatu" mwenye majani ya rehani ni mtamu mno, lakini kimojawapo cha vikombe hivyo ni mvinyo wa mchele.

Chai ya maziwa yenye punje nyeusi kunywa tu kwa raha zako. Imeanzia Taiwan miaka ya 1980, na zile punje ni wanga wa muhogo.