Anzeni na Miguu, Jamani

Juzi nilipita Mkunguni, hapa Lamu, nikawakuta vijana watatu wamemzunguka mzee mmoja barazani wakimchora, mbao magotini, pasteli, zile chaki laini za rangi, zimetapakaa. Nikachungulia. Saa nzima imepita, na kila karatasi ina jicho moja zuri ajabu, kope moja moja, chini yake hakuna kitu. Nilinyamaza nikaenda zangu kunywa kahawa. Kahawa yenyewe haikushuka. Basi wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Mwili kwanza, uso baadaye. Shika kijiti cha mkaa, weka alama ya utosi na alama ya nyayo, kisha dakika mbili tu za kutafuta uzito wa mwili umelalia wapi. Mtu mzima aliyesimama hufikia urefu wa vichwa vyake 7 hadi 7 na nusu. Na tafadhali, kofia si sehemu ya kichwa. Kuna wazee wa mtaa wa Langoni mliowachora warefu kama minara kwa sababu mlipima na kofia.

2. Aliyekaa umchore ni mtu, si gogo. Hili nililipia.

Nilikuwa na miaka 22, sanduku jipya la pasteli 48 na kiburi cha pasteli 100. Nikaenda kijiji cha Matondoni asubuhi, nikamkuta fundi mmoja wa jahazi amekaa juu ya boriti akitia kalafati, mguu mmoja ameukunja chini yake. Nikamwomba abaki vile vile. Akaniuliza, "Kwa muda gani?" Nikasema, "Kidogo tu, Fundi."

Kidogo ile ikawa saa moja na nusu. Mimi niko shavuni, nimegundua zambarau kwenye kivuli cha ndevu na nimelewa nayo. Jua likapanda, kivuli kikahama, nami nikakifuata: nafuta, naweka kipya, nafuta tena, hata yule mzee wa kwenye karatasi akawa anamulikwa na majua mawili. Karatasi ikashiba. Mnaijua ile hali, meno yake, ule ukwaruzo unaoshika rangi, yamejaa vumbi na kila rangi unayoweka inateleza kama sabuni. Nami nikazidi kukandamiza. Fundi hakutikisika. Mgeni kamwomba atulie, naye katulia. Kwao ndiyo adabu. Wanafunzi wake walikuwa wakinitazama kwa jicho ambalo leo nalielewa.

Nikasema, "Ahsante, tumemaliza." Akainuka, na mguu ulikuwa umekufa ganzi wote. Akaenda chini kwenye rundo la mbao, nyundo huku, kofia kule. Vijana wakakimbilia. Hakuvunjika, alichubuka kiwiko tu, lakini ule ukimya ufuoni sitausahau. Alipokwisha kukaa vizuri akaomba aione picha. Akaitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Na maguu yangu yako wapi?"

Karatasi ilikuwa imeniishia mapajani. Mguu ule uliokufa ganzi kwa ajili yangu sikuwa nimeuchora hata kucha. Hakunigombeza. Aliagiza niletewe chai, na chai ile ilikuwa chungu kuliko tusi lolote.

Kwa hiyo: dakika 20 za kukaa, 5 za kunyoosha viungo, na saa ni kazi yako wewe, si yake. Zungushia nyayo chaki sakafuni, au mstari mchangani, apate kurudi palepale. Kivuli chote kiweke mara moja mwanzoni, kisha jua liende litakako.

3. Ngozi zetu si kahawia ya kopo. Anza na rangi za giza, panda kuelekea mwanga. Kivulini mna buluu, mna zambarau, na ukikaa karibu na maji mna kijani chini ya kidevu. Buibui nalo si nyeusi tupu. Nyeusi iwekee mkunjo wa ndani kabisa.

4. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Baadhi ya rangi ni sumu, zile za kadimiamu hasa. Gonga ubao kwa nyuma, na kusi ikivuma kaa upande unakotoka upepo. Pasteli zilizochafuka zitie kwenye mkebe wa mchele mkavu utikise, zitatoka safi. Mchele huo usirudi jikoni. Mama yangu hajasahau.

5. Dawa ya kugandisha rangi hutia giza, na rangi za mwanga ndizo hufa kwanza. Degas, yule mchoraji Mfaransa, alikuwa akiipulizia kati ya tabaka na tabaka. Nyinyi mnaimwaga mwishoni kama dawa ya mbu! Mwanga wa mwisho uweke baada ya dawa, uuache hivyo hivyo.

6. Omba ruhusa. Wapo wasiopenda sura zao zichorwe, wengine kwa sababu ya dini, na "hapana" haina mjadala. Wala usimchore mtu kwa kuibia ukiwa umejificha nyuma ya punda. Tunakuona.

Miezi mingi baadaye nilirudi Matondoni na mkate wa mofa na karatasi kubwa. Nilianza na nyayo. Fundi alikaa robo saa, akainuka bila kuniuliza, akajinyoosha, akarudi kwenye mstari wake mchangani. Picha ile iko ukutani kwake, nyuma ya kioo. Muda uliisha kabla sijafika kwenye macho, na mpaka leo hajaniuliza yako wapi.