Kishindo Kile Kilikuwa Breki au Tuta? Majibu kwa Wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua nilizopokea mwezi huu kuhusu vifaa vya kufuatilia mwenendo wa magari ni nyingi kuliko kawaida, na ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: gari linapotikisika, ni nani anayeamua mtikisiko huo uitwe jina gani? Nimechagua nne.

SWALI: Salaam aleikum, Mhariri. Nina magari sita ya abiria yanayofanya safari kati ya Malindi na Mombasa. Amenijia kijana mmoja anayeuza vifaa, akanieleza kwamba kifaa chake kina akili unde na kitanijulisha kila mara dereva anapokanyaga breki ghafla, anapokata kona kwa kasi au anapoondoa gari kwa kishindo. Kidhibiti mwendo ninacho tayari. Hiki kipya kinayajuaje yote hayo ilhali hakina macho? (Mwenye magari, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam, Bwana. Kidhibiti mwendo ulichonacho, ambacho magari ya abiria yalilazimishwa kuwa nacho kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, kina kazi moja tu, nayo ni kulizuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Dereva anaweza kwenda kilomita 60, chini kabisa ya kikomo hicho, na bado akawavunja abiria shingo. Kifaa unachouziwa sasa kinashughulika na jinsi kasi inavyobadilika, jambo ambalo wanafizikia huliita mchapuko.

Ndani yake mna kihisi kidogo kiitwacho akselerometa, cha aina ileile iliyomo katika simu yako na inayoifanya picha igeuke unapoilaza simu. Kihisi hicho hupima msukumo wa mbele na nyuma, wa kushoto na kulia, na wa juu na chini, pengine mara 50 kwa kila sekunde. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, kipimo cha juu na chini huonyesha takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, ambao ndio mvutano wa dunia, na vile vingine viwili huonyesha sufuri. (Vipimo vyote nitakavyotaja hapa chini ni vya namna hiyo, kwa hiyo nitataja nambari peke yake.) Breki ikikanyagwa, kipimo cha mbele na nyuma hushuka chini ya sufuri, kona ikikatwa, kile cha kando hupanda. Aghalabu huongezwa jairoskopu, inayopima jinsi gari linavyogeuka, pamoja na GPS inayotoa kasi na mahali.

Vifaa vya awali viliishia hapo. Mtengenezaji aliweka kiwango, tuseme 3, na chochote kilichokivuka kiliandikwa kuwa breki kali. Ujifunzaji wa mashine hufuata njia nyingine. Mtaalamu hukusanya maelfu ya vipande vya safari, kila kimoja cha sekunde chache, na kila kimoja kikiwa kimekwisha kupewa jina na binadamu: hii ni breki ya ghafla, hii ni kona, hili ni tuta, huu ni mwendo wa kawaida. Programu hupewa vipande hivyo pamoja na majina yake, ikatafuta yenyewe kinachovitofautisha; baadaye ikiletewa kipande kisicho na jina, hukilinganisha na yale iliyojifunza na kutoa jina linaloelekea kukifaa. Kifaa hakijui kitu, Bwana; kinakisia, na makisio yake huwa mazuri kwa kadiri vipande vilivyokifundisha vinavyofanana na barabara unazozipita wewe.

Hapo ndipo pa kumbana kijana huyo. Muulize programu yake ilifundishwa kwa magari gani na katika barabara zipi, kwa sababu iliyofundishwa kwenye lami pana za Ulaya haijapata kukutana na tuta la kienyeji mbele ya shule, wala tuktuk inayochomoza kutoka kando bila ishara yoyote. Kisha muulize kifaa kitafungwa wapi na kitasawazishwa vipi. Kikifungwa kimeinama kuelekea mbele au nyuma kwa nyuzi 10 tu na kisisawazishwe, kiasi cha 1.7 cha mvutano wa dunia huingia katika kipimo cha breki, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kile kiwango cha 3 hata kabla dereva hajagusa kitu. Fundi anayekibandika chini ya dashibodi kwa gundi na kwenda zake bila kukisawazisha amekuuzia ugomvi na madereva wako.

SWALI: Mimi ni dereva wa gari la abiria. Tajiri ameweka kifaa cha namna hiyo, na wiki iliyopita, kwa siku moja, kimeniandikia breki kali 16 kati ya Malindi na Kilifi. Kila moja nimekatwa shilingi 200. Nimeendesha miaka 19 na sijagonga hata kuku. Nifanyeje? (Dereva, Malindi)

JIBU: Pole, ndugu yangu. Baada ya kuisoma barua yako nilipanda gari la abiria asubuhi moja pale stegi, nikakaa kiti cha mbele kwa ruhusa ya dereva, simu nikaifunga kwenye dashibodi ikirekodi, na daftari nikaliweka mapajani. Karibu na njia panda ya Gede palikuwa na tuta. Dereva alikuwa akienda kilomita 50. Alipolifikia alikanyaga akashuka hadi 15 kwa muda wa sekunde 3. Hakuna aliyeshtuka, na mama aliyeketi nyuma yangu aliendelea kumenya chungwa lake. Ukifanya hesabu, kushuka huko ni takriban 3.2, kwa hiyo kwa kiwango cha 3 dereva huyo alikuwa amekwisha kupoteza shilingi zake 200. Lau angalitumia sekunde 5 kushuka kasi ileile, kipimo kingalikuwa 1.9, na kifaa kisingaliandika lolote.

Mbele kidogo tuktuk iliingia barabarani kutoka njia ya vumbi. Safari hii gari lilishuka kutoka 60 hadi 20 kwa sekunde 2, yaani takriban 5.6, makanga akajishikilia mlangoni, na chungwa likabingirika hadi miguuni mwangu. Mambo haya mawili, tuta na tuktuk, kifaa chenye kiwango kimoja kingeyaandika kwa jina lilelile. Programu iliyofundishwa vizuri ingeyatenganisha bila taabu kubwa, kwa kuwa tuta lina alama yake: baada ya breki, kipimo cha juu na chini huruka mara mbili, kwanza magurudumu ya mbele yanapopanda na halafu ya nyuma, na kwa mwendo ule wa kilomita 15 vishindo hivyo viwili huachana kwa kitu kama nusu sekunde. Breki ya dharura haina vishindo hivyo. Shimo nalo lina umbo lake, kishindo kifupi cha sehemu ndogo ya sekunde ambacho mara nyingi hakitanguliwi na breki hata kidogo, kwa sababu mashimo mengine huyaoni mpaka umeshayaingia.

Sasa tazama jambo ambalo pengine tajiri wako hajaelezwa. Tuseme vipande vya safari ni 10,000, na breki za hatari za kweli zilizomo ni 50 tu. Programu inanasa 9 kati ya kila 10 za hizo, na kati ya vipande vya kawaida inakosea viwili tu katika kila 100. Ukiisikia sifa hiyo utaisifu. Lakini hesabu inasema itanasa 45 za kweli na kupiga kelele za bure 199, maana vipande vya kawaida ni vingi mno. Katika tahadhari 244, zaidi ya nne kati ya tano ni za uongo. Kwa kupeleleza, si mbaya, kwani mtu anaweza kuzipitia moja moja. Kwa kukata mshahara, ni dhuluma.

Na hata tahadhari ikiwa ya kweli, kama ile ya tuktuk, jina lililoandikwa linaeleza kilichotokea kwa gari tu. Yule dereva wa asubuhi ile aliokoa mtu, na kwenye orodha ya tajiri wake anaonekana mkosaji.

Nenda kwa tajiri kwa adabu, umwombe orodha ya matukio yote 16 ikiwa na saa na mahali, kisha mkae muyalinganishe na matuta mnayoyajua. Mkumbushe pia, kwa upole, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari kubwa kwake uliotolewa na mtambo peke yake. Nawe lakini usijifiche nyuma ya matuta. Mtu aliyeipita barabara moja kwa miaka 19 analijua kila tuta lilipo. Kwa nini basi ulifikie kwa kilomita 50, kama yule wa Gede?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nyumbani ni Malindi. Kwa mradi wangu nilifunga simu katika tuktuk ya mjomba wangu, nikakusanya data na kuifundisha modeli (programu inayojifunza) ya msitu nasibu kutambua breki, kona na matuta. Usahihi ulifika asilimia 98. Nilipoijaribu katika tuktuk ya jirani ilishindwa vibaya. Je, nihamie mitandao ya neva? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihame kwanza. Msitu nasibu, yaani miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, kama alivyoueleza Leo Breiman mwaka 2001, unatosha sana kwa kazi ya kiasi hiki, na mtandao wa LSTM, aina mojawapo ya hiyo mitandao ya neva, ambao Hochreiter na Schmidhuber waliuandikia mwaka 1997, ingawa una kumbukumbu nzuri ya mfululizo wa matukio, utakula data nyingi kuliko uliyonayo na kurudia kosa lilelile.

Nashuku kosa liko katika namna ulivyoigawa data. Wengi huikata safari katika vipande vinavyopandana, kipande kimoja kikibeba nusu ya kilichotangulia, kisha huvichanganya kama karata na kuvigawa, hivi vya kufundishia na hivi vya kujaribia. Ukifanya hivyo, kila kipande cha mtihani kina pacha wake darasani. Modeli haijajifunza breki. Imemjifunza mjomba wako, tuktuk yake, mtetemo wa injini yake na pembe uliyoifungia simu. Tenga safari nzima, au bora zaidi dereva mzima, ambaye modeli haikumwona kamwe, na umjaribie huyo. Asilimia zitaporomoka, lakini zitakuwa za haki. Waombe majirani watatu au wanne zaidi.

Pili, nambari 98 yenyewe. Kama katika vipande 10,000 matukio ni 200, modeli inayojibu "kawaida" kwa kila kitu, bila kutazama chochote, hupata asilimia 98 hiyohiyo. Andika kwa kila aina ya tukio umenasa mangapi na umekosea mangapi, na uonyeshe jedwali la nini kimechanganywa na nini. Nina hakika utakuta matuta na breki vimekumbatiana. Chuja pia mtetemo wa injini kabla ya hesabu nyingine: breki hukaa sekunde moja hadi nne, ilhali mtetemo hujirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa hiyo kuvitenga si kazi ngumu.

Na majina ya matukio, uliyaweka wewe ukiwa nyumbani ukitazama mchoro, au uliyaweka ukiwa ndani ya tuktuk? Kama ni nyumbani, rudi barabarani.

SWALI: Sisi huku Lamu mjini hatuna habari nyingi na magari. Tuna boti nne za abiria kati ya Mokowe na Lamu. Je, kifaa hicho kinaweza kufungwa botini? (Mwenye boti, Lamu)

JIBU: Kihisi, ndiyo. Programu ya magari, hapana. Boti haina breki, na sakafu yake haitulii hata ikiwa imefungwa gatini, hivyo programu hiyo italiita kila wimbi tuta na kukuletea matuta mia kabla hujavuka. Yenye maana kwenu ni mengine: boti inapolipiga wimbi kwa kasi hadi abiria wakaruka vitini, inapokatwa ghafla kumpisha mwenzake, inapogusa fungu la mchanga maji yakiwa yametoka. Majina hayo inabidi myaweke wenyewe, mtu akae na nahodha, kila tukio aandike saa yake na nahodha alitaje kwa kinywa chake. Na msikusanye wakati wa kaskazi peke yake, maana bahari ya kusi ni nyingine, na modeli iliyofundishwa kwa maji matulivu itamwona kila nahodha wa mwezi wa saba kuwa mwendawazimu.