Re: Filamu ya gereza la wanawake, jina limenitoka

Mkuu, salama. Unatafuta ile sinema ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye mkuu wa gereza mwanamke katili, na kila ukitafuta unaletewa Caged ya 1950. Mimi pia zilinichanganya, maana zinafanana kama mapacha.

Anza na ukuta. Kama gereza la wanaume liko upande wa pili na mume anapenya kwenda kwa mkewe, mke akapata mimba humo humo, basi ni Women's Prison ya 1955, ya studio ya Columbia. Huyo mkuu katili ni Ida Lupino, na ajabu ni kwamba daktari anayempinga ni Howard Duff, mumewe halisi wakati ule. Kwa maelezo yako naona ndiyo hii. (Lupino alikuwa pia mwongozaji, tena mzuri, The Hitch-Hiker ya 1953 ni kazi yake.)

Ukikumbuka msichana ananyolewa kipara na askari jike la miraba minne, hiyo ndiyo Caged. Hiyo wala si ya bei rahisi, ni ya Warner Bros. na iliteuliwa kuwania Oscar.

Tetemeko la ardhi wafungwa wakapata upenyo wa kutoroka? Girls in Prison, 1956. Hapo bajeti ndogo inaonekana waziwazi, ila inachekesha.

Kama zote siyo, tuambie mwisho wake ulivyokuwa.