Dawa za Wazazi: Kabla Hujatuma Hela Nyingine, Mwaga Maboksi Yote Mezani

Juzi msomaji mmoja wa Tabora ameniandikia. Baba yake ana miaka 74, anatumia dawa za presha na za tezi dume, na kila mwisho wa mwezi yeye ndiye anayetuma hela. "Dada, nikishalipa kodi na dawa za mzee nabaki na nauli tu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua wengi mnaonisoma ndio mnaotegemewa nyumbani kwenu, na wote tunataka wazee wetu waishi wakiwa na afya. Kwa hiyo leo nieleze yote.

Mama yetu yupo Morogoro. Ana presha na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Shilingi ilipokuwa ikishuka mbele ya dola mwaka 2023 na 2024, nilikuwa naiona famasi kabla sijaisikia kwenye taarifa ya habari, maana dawa zetu nyingi zinatoka nje, India hasa. Boksi nililonunua mwezi huu, mwezi ujao lina bei nyingine. Nikalipa. Nilijinyima mengi nikalipa.

Kumbe mama naye alikuwa na hesabu zake. Siku moja nimekwenda kumsalimia, natafuta kiberiti kabatini, nikakutana na kopo la Blue Band. Nilipolifungua nikakuta vidonge vimekatwa nusu kwa wembe, vimefungwa kwenye karatasi za daftari la shule, na unga mweupe umetapakaa chini ya kopo. Nikamuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nakupunguzia." Leo anameza nusu, kesho anaruka. Nilikaa pale pale jikoni nikalia.

Fikirieni kilichokuwa kinatokea. Akiruka dozi, presha inapanda. Presha ikipanda, daktari anaongeza dawa. Dawa ikiongezwa, gharama inapanda, naye anazidi kukata. Tena baadhi ya vile vidonge ni vya kuachia dawa polepole, vile ambavyo kwenye boksi vina maandishi ya XR au Retard. Hivyo havikatwi wala havitafunwi, kwa sababu dawa iliyokusudiwa kuingia mwilini kwa saa nyingi inaingia kwa mkupuo. Kama mzazi wako ana wembe karibu na dawa zake, anza na hapo.

Nikamwomba alete kila dawa iliyomo ndani ya nyumba. Zilitoka kabatini, chini ya mto, hadi kwenye mkoba wa kanisani. Tukazimwaga mezani, nikavaa miwani nikaanza kusoma. Kulikuwa na maboksi mawili yenye majina tofauti na rangi tofauti, moja la zahanati binafsi, jingine la hospitali. Chini ya yale majina makubwa, kwa herufi ndogo, yote mawili yameandikwa amlodipini, dawa ya kushusha presha. Mama alikuwa anapewa dawa ileile mara mbili! Na amlodipini, hasa dozi ikiwa kubwa, inaweza kuvimbisha miguu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba kweli, akaenda kuonyesha, akaandikiwa dawa ya kukojoa ili maji yatoke. Hiyo nayo nikawa nalipia. Yaani dawa ya tatu inatibu kero ya dawa ya pili, na ya pili ni ileile ya kwanza.

Hatukuacha hata kidonge kimoja kwa akili zetu. Tulibeba mfuko mzima hadi kliniki ya presha na sukari ya hospitali ya serikali. Daktari kijana, Mungu ambariki, alisoma boksi moja moja, akauliza kila moja ilianza lini na kwa nini. Akafuta mbili. Zilizobaki akaandika kwa majina halisi ya dawa: amlodipini na losartani za presha, metformini ya sukari. Siku hiyo famasi nililipa chini ya nusu ya nilichozoea. Kliniki iliyofuata presha ya mama ilisoma 138 kwa 82, nami nikaipiga picha ile kadi na kuituma kwenye kundi la familia. Nilijivunia na bado najivunia.

Hili la majina ndilo ninalotaka mlishike. Norvasc ni jina la kibiashara lililoanzishwa na kampuni ya Pfizer, ila dawa iliyomo ndani ni amlodipini. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja tu kuitengeneza, Marekani iliisha mwaka 2007, na sasa viwanda vingi vinaitengeneza. Kwa hiyo ukifika dirishani usitaje jina la boksi. Taja dawa na miligramu zake, kisha uliza ipo ya kampuni ngapi na bei zake. Muuzaji akikwambia ya bei nafuu haina nguvu, muulize kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Ukishapata moja inayomfaa mzee baki nayo, maana maboksi yakibadilika kila mwezi anachanganyikiwa, mnarudi kule kule kwenye dawa moja mara mbili.

Sasa bima. Hapa nina kidonda. Kaka yetu ni mtumishi wa umma, anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaweka 3 nyingine. Kadi hiyo inabeba mwenza na wategemezi hadi 4, wazazi wakiwemo. Ana watoto wawili. Nafasi mbili zilikaa wazi miaka yote hiyo mimi nikituma hela, na kila nikimkumbusha jibu lake ni kwamba fomu zinasumbua. Kilichotakiwa ni picha ya mama na cheti cha kuzaliwa cha kaka mwenyewe. Ameshamwandikisha, namshukuru, lakini bado inaniuma. Ndugu zangu, mama aliyekubeba mgongoni hawezi kuwa mtegemezi wa mwisho kwenye orodha yako! Kama umeajiriwa, kaangalie leo nafasi zako.

Wasio na mtu wa kuwaandikisha wanayo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003: mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, mpate utambulisho, kisha dirisha la wazee. Mara nyingine mtaambiwa dawa hakuna, mkanunue nje. Hata hapo omba waandike jina halisi. Na hela ya dawa isiende kwa wanaotangaza WhatsApp kwamba wana chupa ya kumaliza kisukari kabisa.

Mdogo wangu wa Tabora, mfuko wa baba uende wote kwa daktari mmoja, za presha na za tezi dume pamoja. Kama ya tezi ni tamsulosini, hiyo nayo huweza kushusha presha, mzee akainuka kitandani akasikia kizunguzungu. Daktari akiziona zote kwa pamoja ndipo atajua ipi ipunguzwe. Kisha niandikie alichofuta na alichobakiza, tuzitafutie bei.