Maswali ya Wasomaji: Chandimu, Vishada na Watoto Wasioijua Kombolela

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: michezo waliyokua nayo wazazi na mababu inarudishwaje kwa watoto wa sasa? Penye kazi ya mikono tumeeleza kwa kirefu. Pengine tumejibu kwa ufupi.

Mwanangu wa miaka 8 amesikia habari za chandimu, ule mpira wa miguu wa mtaani, sasa anataka mpira wa matambara. Tumeutengeneza, ila ukipigwa mateke kidogo unafumuka wote. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, siku hizi hakuna. Tunakosea wapi?
*Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Mama, mpira wa matambara haufumuki kwa sababu ya matambara. Unafumuka kwa sababu ya kamba. Wengi huviringisha kamba juu ya mpira mara nyingi wakidhani wingi wake ndio uimara, kisha wanafunga fundo moja mwishoni. Kamba ikikatika mahali pamoja, yote inaachia. Mpira uliofungwa vizuri una fundo kila kamba mbili zinapokutana, ndiyo maana hata ikikatika sehemu moja mchezo unaendelea hadi magharibi.

Anza na kipande cha sifongo cha godoro kikubwa kama ngumi ya mtoto. Hicho ndicho kinachoufanya mpira udunde. Ukiweka matambara matupu utapata mpira mfu. Kata fulana kuukuu vipande virefu vyenye upana wa sentimita 3, zungushia sifongo huku ukivuta, na kila baada ya mzunguko mmoja geuza mpira robo. Ubingirishe sakafuni mara kwa mara. Ukipinda njia, kuna upande umevimba, basi ongeza tambara upande uliobonyea.

Ukifika mzunguko wa sentimita 40 hadi 45, utie ndani ya soksi ndefu. Sokota shingo ya soksi, kisha igeuze irudi juu ya mpira, usokote tena na kuigeuza tena. Soksi moja ya shule inatosha kuufunika mpira mara mbili au tatu, na hapo peke yake tayari una mpira wa kuchezea rede, mchezo wa kurusha mpira na kuukwepa. Kwa chandimu endelea na kamba: mita 12 hadi 15 na shazia ya kushonea magunia. Kwanza pitisha mizunguko kadhaa inayokutana juu na chini, ili mpira ugawanyike kama vipande vya chungwa, na uikaze kweli. Halafu zunguka kwa mlalo, na kila unapokutana na kamba ya wima piga kitanzi na ukaze. Matundu yasizidi upana wa vidole viwili. Yakiwa makubwa soksi inatokeza na kuchanika kwenye kokoto.

Kamba ya katani hushika fundo vizuri lakini huchoma miguu mitupu. Kamba ya nailoni ni laini ila inateleza, kwa hiyo kila fundo liwe mara mbili na ncha ziunguzwe kidogo na mtu mzima. Ukipata tyubu ya baiskeli iliyokwisha, kata mikanda ya duara yenye upana wa sentimita 1 na uivalishe pande zote kabla ya kamba. Mpira utadunda na utakaza wenyewe.

Kuhusu rambo, ni kweli: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Kazi yake kwenye mpira ilikuwa kuzuia maji. Badala yake tumia kipande cha kiroba cha unga kati ya matambara na soksi. Bila hicho, mpira ukilowa unakuwa mzito na unaumiza vidole vya miguu. Uning'inizwe ukauke kwanza, usichezwe ukiwa umelowa. Mpira mkavu usizidi gramu 300.

Nawatengenezea wajukuu kishada kwa njiti za makuti na gazeti. Kinapanda kidogo, kinazunguka, kinajitupa chini. Utotoni vilikuwa vinakaa juu. Upepo umebadilika au mimi nimesahau?
*Babu, Pangani, Tanga*

Shikamoo, mzee wetu. Upepo ni uleule, tunaishuku njiti. Chelewa, yaani hiyo njiti ya kuti, ni nene upande wa shina na nyembamba nchani, kwa hiyo ukiilaza moja kuwa mti wa kukingama, bawa moja la kishada linakuwa zito na gumu, la pili jepesi na linapinda. Kishada cha namna hiyo lazima kizunguke. Chukua chelewa mbili, zilaze kwa kupishana, shina la moja likae na ncha ya nyingine, uzifunge kwa uzi mahali patatu. Hapo mabawa yanalingana.

Mti wa wima uwe sentimita 60, wa kukingama 50, na uvuke wa wima sentimita 15 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne uupate umbo, kisha gazeti likatwe kubwa kuliko umbo kwa sentimita 2 kila upande, likunjwe juu ya uzi na kubandikwa. Gundi ya nyumbani inatosha: vijiko 2 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji, ichemke hadi ikaze. Ipake kwa uchache, maana gundi ya kumwagika ni uzito.

Mahali pengine panapoharibu ni uzi wa mbele. Ufungwe upande wa karatasi, usiwe upande wa njiti. Kata sentimita 75, ncha moja ifungwe pale miti inapovukana, ya pili kwenye mti wa wima sentimita 10 kutoka chini. Uvute uzi huo kando hadi ufikie ncha ya bawa. Hapo ndipo penye fundo la kuungia uzi wa kurushia. Kishada kikivutwa nyuma bila kupanda, sogeza fundo juu kwa upana wa kidole. Kikipanda haraka kisha kikapiga mbizi, lishushe. Wengi hubadilisha karatasi na njiti zote ilhali kilichohitajika ni kidole kimoja.

Mkia uwe mita 3 za vipande vya kitambaa. Kikiyumba, ongeza nusu mita; kikishindwa kunyanyuka, punguza.

Na upepo wenyewe: kusi na kaskazi zote zinafaa, ila wakati wa tangambili, pepo hizo mbili zinapobadilishana, upepo hugeukageuka na hata kishada kizuri hakikai. Rusheni alasiri, ufukweni au uwanjani mbali na nyaya za umeme, na uzi usiwe waya wala usiwe umelowa. Kikinasa kwenye nguzo, kiacheni hukohuko. Mshipi wa kuvulia pia tunaukataa, unakata vidole vya watoto.

Nairobi tulicheza kati: wawili wanarusha mpira, mmoja katikati anakwepa. Jirani yangu kutoka Tanzania anasema kwao ni rede na kuna chupa. Chupa ya nini? Na kombolela ni brikicho?
*Msomaji, Umoja, Nairobi*

Mzizi ni mmoja, ila chupa inabadilisha mchezo. Kwenye rede anayekaa katikati ana kazi ya pili: kujaza mchanga kwenye chupa au kopo huku akikwepa. Akiinama tu ndipo wanamlenga. Kwa hiyo anajifunza kuchota kwa macho yakiwa kwa mrushaji. Warushaji wasimame umbali wa mita 8 hadi 10. Akipigwa anatoka, anaingia mwenzake wa timu na kuendelea na mchanga ulipofikia. Namna ya kuhesabu ushindi hutofautiana mtaa kwa mtaa, basi kubalianeni kabla ya kuanza. Kwa watoto wa chini ya miaka 8 tumieni kopo la mdomo mpana. Chupa ya soda inawakatisha tamaa.

Brikicho ni kujificha na kutafutana. Kombolela inaongeza kopo: mmoja analipiga teke, mtafutaji analifuata na kulirudisha mahali pake wakati wenzake wanajificha. Akimwona mtu anakimbia kuligusa kopo na kumtaja jina. Lakini aliyejificha akiwahi kulipiga teke, wote waliokamatwa wako huru. Ndiyo maana mtafutaji hapaswi kulilinda kopo muda wote; wekeni sharti asikae ndani ya hatua 5 kutoka kwenye kopo, vinginevyo mchezo unakwama.

Watoto wangu wanarudi shule wanashika simu. Sisi tulikuwa nje hadi mama aite. Je, malezi yetu yalikuwa bora, au ni sisi tu tunaoyapamba?
*Baba, Nyamagana, Mwanza*

Ndugu, kuna mengi ya zamani ambayo hatutaki yarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, zaidi ya 130 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Katika utafiti wa afya wa mwaka 2022 walikuwa 43. Madimbwi na kingo za ziwa tulizoogelea ndizo zilizotupa kichocho. Na neno "tulicheza hadi magharibi" aghalabu husemwa na wanaume. Msichana wa miaka 9 alikuwa na ndoo ya maji na mdogo wake mgongoni, akicheza rede pale alipopata mwanya.

Lakini kuna kitu tumekipoteza kweli, na tunadhani simu inalaumiwa peke yake isivyo haki. Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, Zanzibar ikiwa nayo tangu miaka ya 1970, na bado watoto walicheza. Kilichovunjika ni mnyororo. Mtoto wa miaka 6 alifundishwa mdako, mchezo wa kurusha na kudaka kokoto, na wa miaka 10, siyo na mzazi. Leo basi la shule linamchukua kabla ya jua kuchomoza, anakaa na wa umri wake tu, jioni ana tuisheni, na uwanja wa mtaani umezungushiwa ukuta au bodaboda wamepafanya njia. Ukimnyang'anya simu katika hali hiyo humpi mchezo, unampa kuta.

Basi jaribu hivi. Ongea na kaya 3 au 4 za jirani zenye watoto wa umri tofauti. Hilo la umri tofauti usiliache. Chagueni siku 2 kwa juma, saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni. Tafuteni eneo moja, hata uwanja wa msikiti, kanisa au shule kwa ruhusa. Mtu mzima mmoja akae kivulini aonekane, lakini asipulize filimbi. Leteni mpira wa soksi, kamba ya kuruka ya mita 4, makopo, gololi na chaki. Mchezo wa kwanza uonyesheni ninyi mara moja, kisha mkae.

Juma la kwanza na la pili yatakuwa mabaya. Watagombana kuhusu sheria, mmoja atalia, mwingine ataomba simu. Wazazi wengi huacha hapo. Wanagombana kwa sababu hawajazoea kuamua mambo bila mkubwa, wakiachwa watazoea. Ingilia pale tu palipo na jiwe, ngumi, au mdogo anayeonewa na wengi. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, kwa hiyo siku zilizobaki usisahau kutembea na kazi ndogondogo za nyumbani, kwa wavulana na wasichana sawasawa.

Asalaam aleikum. Sisi asili yetu Unguja, tunaishi Muscat. Kiangazi watoto hawawezi kutoka kwa joto. Mchezo gani wa nyumbani wa zamani unachezeka ndani?
*Mama na bibi yao*

Waalaykumu salaam. Mdako unafaa sana. Badala ya kuchimba shimo, chora kwa chaki duara la sentimita 15 sakafuni, mtandike mkeka pembeni. Kokoto 12 laini na moja ya kurusha. Mchezaji anairusha juu, anakokota nyingine kutoka duarani, anadaka. Anarusha tena, anazirudisha zote isipokuwa moja, ambayo inakuwa yake. Akikosa kudaka, zamu ya mwenzake. Wanaoanza hukosea kwa kurusha juu mno. Urefu wa kichwa cha aliyekaa unatosha.

Usiku, bibi atege vitendawili kwa Kiswahili. Asiyejua jibu asiambiwe bure: atoe mji kwanza, na mtegaji aeleze kwa madaha alivyopokelewa huko kabla ya kutegua. Watoto huanza kuisaka miji ya Afrika Mashariki ili wasiishiwe.

Bao la kete, komwe ngapi? Mtoto wa miaka 7 ataweza?
*Msomaji, Mtwara*

Mashimo 32, komwe 64 (mbegu zinazotumika kama kete), kila mchezaji 32. Bao la Kiswahili lenyewe, lenye shimo maalumu liitwalo nyumba na kete 22 za kuanzia mkononi, lisubiri. Aanze na bao la kujifunza: kete 2 katika kila shimo kati ya mashimo 16 ya upande wake, hakuna za mkononi. Msilinunue bao kwanza. Chimbeni mashimo mchangani, safu 4 za mashimo 8, upana wa kikombe cha kahawa. Yakiwa madogo kuliko hapo, kete za shimo lililojaa zinamwagikia la jirani na hesabu inaharibika.